Aliyefunga Hafungui Peke Yake

Nakumbuka siku moja ya ukungu kule Nainokanoka, mwanangu, na kila ninapoikumbuka mikono yangu hupoa. Umeniambia kwamba umepata kazi ya kufundisha chuo kikuu, ukaniomba neno la kuondoka nalo. Mzee hakosi maneno, lakini hili ndilo ninalolitanguliza. Kaa nami kidogo. Sitaharakisha, maana jambo lenyewe linanitisha hadi leo, na penye giza mtu huenda kwa kupapasa.

Nilikuwa kijana wakati huo, mwalimu wa jiografia katika chuo cha kanisa pale Karatu, tawi changa la chuo kikuu, lenye madarasa machache na bweni la mabati. Mimi ni mtu wa Rhotia, mtoto wa mkulima wa mahindi na maharage, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa kazi karibu na kwetu. Chuo chetu kilikuwa cha watu wa sala. Asubuhi ibada, jioni ibada, na wanafunzi wengi walikuwa na desturi ya kufunga na kuomba. Mtu akisema "nimefunga," mazungumzo yaliishia hapo. Hatukuuliza kwa nini, wala tangu lini. Saumu ni ya mtu na Mungu wake. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo ninavyoamini hata sasa.

Katika waliofunga, hakuna aliyemfikia Boay. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili kutoka Mbulumbulu, mrefu, mpole, mwenye kukaa mbele darasani. Wenzake walipokwenda kula kwa mama ntilie nje ya geti, yeye alibaki kanisani ameinamisha kichwa. Mchungaji wa chuo akamtaja kwenye ibada. "Mnamwona ndugu yenu?" akasema. "Huyu ameushinda mwili." Tukaitikia amina, nami nikiwamo.

Mwaka ule mvua ilizidi kipimo na ngano ya Mbulumbulu ikaozea shambani. Sisi sote tulilijua hilo. Mimi mwenyewe nililieleza darasani, nikachora ubaoni namna maji yanavyoshuka mteremko na kubeba udongo, na Boay akanakili mchoro ule vizuri kuliko wote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa nimekichora kitanda chenyewe, na kunguni sikuwaona.

Basi nikawapeleka wanafunzi kijiji cha Nainokanoka, tupande mlima Olmoti wakaone mahali mto unapoanguka kutoka kwenye kreta, lile bonde la kileleni. Tulikwenda na lori la chuo. Mama Aikande alifuatana nasi. Huyu alikuwa mkubwa kuliko walimu wote, mjane kutoka Machame, mwalimu wa malezi na saikolojia, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Kwa sababu ya magoti alibaki kijijini, kwenye kiduka cha mama mmoja wa Kimaasai aliyeuza chai, sukari na betri. Sisi tukapanda na askari wa wanyamapori aliyebeba bunduki.

Kupanda hakukuwa na shida. Boay alikuwa wa mwisho, lakini nilidhani anatafakari. Mwenzake mmoja alimpa kipande cha mkate njiani, akatikisa kichwa. "Nimefunga," akasema, na mwenzake akarudisha mkate mfukoni kwa heshima.

Tulipoanza kushuka, ukungu ukaja. Wewe umekulia mjini, ukungu wa kule huujui. Haushuki kama mvua. Unatoka ndani ya miti, kimya, na kabla hujafunga vifungo vya koti humwoni aliye mbele yako. Tulishikana makoti tukaenda kwa mstari. Tulipofika penye uwazi nikawahesabu. Nikawahesabu tena. Amepungua mmoja.

Nilifungua kinywa nimwite. Askari akanishika mkono.

"Usiite, mwalimu."

"Mwanafunzi wangu yuko huko nyuma."

"Najua. Lakini hapa ni pa nyati, na leo wamelala karibu na njia. Ukipiga kelele, atakayekuitikia wa kwanza hutampenda."

Akanionyesha kwa mguu kinyesi kando ya njia, kilikuwa bado kinafuka. Wanafunzi wakasogeleana. Msichana mmoja akaanza kuomba kwa kunong'ona, na meno yake yakawa yanagongana katikati ya maneno. Askari akawaambia wakae chini wote, wasiondoke, wasiinue sauti. Mimi na yeye tukarudi juu.

Sijapata kuogopa namna ile. Unamtafuta mtu na huruhusiwi kutaja jina lake. Kila kichaka kilikuwa na mabega. Mara mbili askari aliinua bunduki, mara mbili akaishusha. Ndani ya hofu hiyo nikamwona baba yake Boay, mzee ambaye sikuwahi kukutana naye, amesimama kwenye ngano iliyooza, akiniuliza kwa upole, "Mwalimu, si nilikukabidhi mwanangu?" Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri, nilisema tu, "Bwana, usinipe habari hiyo niipeleke."

Kisha nikasikia sauti, ndogo na ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayezungumza jikoni. Ilikuwa Kiiraqw, lugha yangu. Ilisema, "Mama, ndama wamesharudi? Usiwafungie nje, kuna baridi."

Tukaifuata sauti tukamkuta Boay ameketi kwenye mizizi ya mti, mgongo wima, kama aliyeko nyumbani kwao. Midomo ilikuwa imepauka. Macho yalinitazama yakapita. Nilipomshika nilishtuka, kwa kuwa chini ya koti lile hapakuwa na mtu wa kutosha. Tulimbeba kwa zamu, kimya, tukawapitia wenzake pale uwazini, huku nikitazama nyuma kila hatua.

Pale kijijini tukamlaza kwenye benchi la kiduka, karibu na moto. Mama wa Kimaasai akainuka. Akachota chai ya maziwa, akatia sukari nyingi, akaniletea kikombe. Nikakisogeza kwenye midomo ya Boay. Akili ilikuwa imemrudia kidogo. Akageuza uso.

"Nimefunga, mwalimu."

Mama mwenye duka akanitazama. "Kwani Mungu wenu hanywi chai?" akauliza, na hakuwa akitania sana.

Nami, mwanangu, nilisita. Kikombe kikabaki hewani. Niliogopa kufa kwake, na niliogopa pia kuingia kati ya mtu na Mungu wake, na hofu hizo mbili zikanifunga mikono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nikimsaidia kuficha.

Mama Aikande alinyanyuka na fimbo yake, akanipokonya kikombe, akaketi benchini, akakilaza kichwa cha Boay mapajani pake.

"Saumu hii naifungua mimi," akasema. "Nikifika mbele za Mungu nitaijibia. Kunywa, mwanangu."

Boay akanywa. Mara ya kwanza alikunywa kwa adabu. Mara ya pili alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, na hapo sote tuliokuwa kibandani tulitazama chini, kwa maana hatukuweza kuitazama njaa ile usoni.

Siku ya pili yake Mama Aikande aliniita nyumbani kwake. Boay alikuwa hapo, amefunikwa blanketi, ana bakuli la uji. Alieleza bila kulia. Baada ya ngano kuharibika, kwao hapakuwa na cha kumletea. Siku ya kwanza rafiki yake alitaka kumnunulia chakula, naye akaona haya, akasema amefunga. Ikasaidia. Akasema tena.

"Na kwa nini hukuja kwetu?" nikamuuliza. "Mimi si ndugu yako? Rhotia na Mbulumbulu ni mbali?"

Akanitazama kwa namna ya kunihurumia. "Mwalimu, mlinisifu kanisani. Mtu akishaheshimiwa kwa njaa, atarudije kuomba ugali?"

Mama Aikande akamwongezea uji. Nilidhani atanikaripia, nikajiandaa. Alichosema ni hiki tu: "Amejificha mahali patakatifu, ndiyo maana hatukumwona. Tusivunje patakatifu pa watu. Tuweke mlango."

Niliuelewa mlango huo Jumatatu. Alisimama kwenye ibada ya asubuhi, fimbo mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza zamu za usafi: "Kwetu nyumbani, aliyefunga hafungui peke yake. Kuanzia leo, yeyote anayefunga katika chuo hiki, aje kwangu saa kumi na mbili jioni tufungue pamoja. Nitaona vibaya asipokuja." Kisha akaketi. Hakutaja njaa, wala ngano, wala Boay.

Jioni ile walikuja wawili, Biblia kwapani. Tuliomba, tukala makande. Kesho yake walikuwa zaidi. Nikapeleka maharage kutoka shambani kwa baba yangu, mwalimu mwingine akaleta mafuta, mchungaji naye akaja na gunia la mahindi begani. Haukupita muda sebule ikashindwa kutosha, wengine wakakaa barazani juu ya magogo ya kuni.

Jioni moja nilikuwa napakua, nikainua macho nikawatazama. Hapo ndipo hofu ya Olmoti iliporudi, tena kubwa kuliko ya kwanza. Kule msituni nilimpoteza mmoja. Hapa walikuwa wamejaa baraza zima, watu niliowafundisha kila siku, niliowasahihishia, na msichana mmoja niliyezoea kumgombeza kwa kusinzia. Nikamsogelea Mama Aikande, nikamnong'oneza, "Mama, hawa wote wamefunga?"

"Nani amekutuma uulize?"

"Nauliza tu."

"Wewe pakua. Mioyo ina Mwenyewe wa kuipima. Sisi tumepewa mwiko."

Akacheka kidogo, nami nikapakua. Yeye hakuwahi kuuliza, siku ile wala siku nyingine, nani amefunga kweli na nani hana cha kula. Walioketi pale walimshukuru Mungu kwa sauti moja, na kwa kuwatazama usingeweza kuwatofautisha. Boay alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha vyombo. Alihitimu. Harusi yake nilihudhuria, na alinipakulia kwa mkono wake, sahani ikafurika, watu wakacheka.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utaingia darasani na nyuso zitakutazama kwa utulivu. Usiuamini utulivu huo upesi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mwanafunzi mwenye njaa hujifunza kwanza kuficha, kabla ya somo lako. Wengine watajificha kwenye dini, wengine kwenye mzaha, wengine kwenye kusoma maktaba saa ya chakula, na utawasifu kwa bidii. Chunga sifa zako. Usimsifu mtu kwa kukosa.

Usisubiri aombe. Anayezama sana hana pumzi ya kuita, na pengine anaogopa kuita, kama mimi nilivyokatazwa kule kwenye ukungu. Mfuate wewe. Jua anakolala, jua anakula wapi, jua mvua imefanya nini kwao. Ukisikia ukame Nainokanoka au mafuriko Mbulumbulu, usiishie kuchora ubaoni. Tazama viti vyako, uone ni nani anatoka huko. Ukitaka kumsaidia, usimwite mbele ya wenzake, wala usimhoji kama mtuhumiwa. Mfungulie mlango ambao hata aliyeshiba anaweza kupita, ili mwenye njaa asionekane anapita peke yake. Baadaye chuo chetu kilianza kutoa uji saa nne asubuhi kwa watu wote, walimu na wanafunzi kwenye mstari mmoja, vikombe vilevile. Hatukuwa matajiri. Tulikubaliana tu kwamba kufundisha tumbo tupu ni kupanda mbegu juu ya jiwe. Nawe usibebe peke yako, utachoka na kuwa mkali. Waite wenzako. Hata mchungaji wetu alikuwa na gunia, alikosa tu mlango wa kulipitishia.

Mama Aikande amelala sasa, huko kwao Machame. Namshukuru Mungu aliyeniweka karibu naye nikiwa bado naweza kufundishika.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe afya na sauti ya kufundishia. Akupe nyumba yenye sufuria kubwa, na wenzako wa kuijaza. Akupe macho ya kuona wanaobaki nyuma kabla ukungu haujawafunika. Mengi nakuombea, ila sikuombei usiogope. Siku utakapomaliza kuhesabu darasa lako na kutosheka, hofu ile ikushike koti, urudie kuhesabu. Amina.