Barua Haina Mkono

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku Mjerumani wetu alipoukataa uprofesa, nami nikampigia makofi.

Alikuwa Mkristo, msomi wa dini, tukimwita Bwana Mwalimu. Alikaa Kibiti akijifunza kwa Maalim Mbwana namna sisi Waislamu tunavyosomeshana dini. Zilikuwa enzi za ruksa, milango ya nchi imefunguliwa, kila kijana na safari yake kichwani. Mimi nilikuwa mkalimani wake, naye aliniahidi kunichukua Ulaya akipata kazi. Basi sikutulia. Kutwa nilikuwa barabarani navizia basi la Dar, huenda limeleta barua. Wazee wa kijiji cha Mbwara walikuwa wameniomba nikasomeshe watoto Kurani chuoni kwao. Sikuwajibu.

Barua ikaja: chuo kikuu cha kwao kinamtaka. Bwana Mwalimu akajibu kuwa hastahili, watafute aliye bora. Alikwishaona msikitini kwetu imamu akichelewa watu wanavyosukumana mbele kuswalisha, "Tangulia, shehe," "Hasha, tangulia wewe," wala hakuna anayekubali mara ya kwanza. Adabu ile aliipenda mno. Jibu lake nikalipeleka posta mwenyewe, mbio, nikijua watamsihi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu yaliuma mpaka mvua za vuli. Likaja jibu la mistari miwili: ahsante, tumempata mwingine.

Bwana Mwalimu alicheka kicheko cha kulia. Mimi nililia kabisa, nikaenda kwa Maalim.

"Maalim, si adabu yetu ile?"

"Msikitini, baba, unakataa huku umeshikwa mgongoni. Ukirudi nyuma, mkono unakusogeza. Barua ina mkono?" Akanikazia macho. "Na wewe, watu wa Mbwara wamekushika mgongo tangu masika. Hata hiyo hasha hukuwaambia. Watoto wanakaa chuoni hawana mwalimu!"

Kesho yake nikafunga virago. Nilisomesha Mbwara mpaka ndevu zikaota mvi. Ulaya sikuiona, na sikufichi, ndege ikipita juu roho bado hunidunda.

Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Anayekuita kutoka mbali mjibu waziwazi, ndiyo au siyo, maana haoni uso wako. Aliye karibu mkatalie kwa adabu ukipenda, atakusogeza. Ila usimwache kakushika mgongo, macho yako yako barabarani. Mungu akujaalie watu wa kukusukuma, na akupe miguu ya kusogea.