Aliyemla Malkia

Miraji alizaliwa na hasira, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yake. Alikuwa fundi cherehani wa Bondeni, Nakuru. Ukimpelekea suruali iliyochanika ataishona vizuri kabisa, lakini kwanza atakutukana kwa kuichana. Mkewe, Kuluthum, alikuwa akisema mume wake akikosa mtu wa kugombana naye hugombana na sindano.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni sataranji. Tena si ile ya kawaida, ambayo yeye aliiita mchezo wa makarani. Kila Jumapili baada ya adhuhuri marafiki walikusanyika nyuma ya duka lake wakacheza michezo waliyoitunga wenyewe. Kulikuwa na mmoja ambao kete kubwa zote zilikuwa farasi, na watu walipigiana kelele mpaka majirani wakafunga madirisha. Kisha kulikuwa na Nilishe, uliopendwa kuliko yote. Katika Nilishe anayeshinda ni yule aliyeliwa kete zote. Unamsukumia mwenzako kete zako azile, naye akipata nafasi lazima ale, apende asipende. Na sheria ya pale ni kwamba ukila unatangaza kwa sauti umekula nini. Hakuna kula kimyakimya.

Bingwa wa Nilishe alikuwa Nderitu, seremala mpole, ambaye ndiye aliyezichonga kete zenyewe kwa mti wa mwerezi. Lakini huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Wakikuyu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa rizavu, yale maeneo waliyotengewa na serikali, hata wale waliozaliwa huku kwetu. Nderitu alizaliwa Subukia, kwenye shamba la Mzungu. Hiyo rizavu hakuijua, wala hakuwa na hata pa kusimamisha kibanda huko. Alibaki mjini kwa kuwa tajiri wake alimwombea ruhusa, ikaandikwa kwenye kipande chake, kile kitambulisho ambacho serikali ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba. Kosa moja tu, ruhusa imekwisha, na mkewe Wachuka alikuwa na mimba kubwa.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya wiki ile aliyotawazwa Malkia kule Uingereza. Bendera ndogondogo zilikuwa bado zinaning'inia madukani. Nyuma ya duka, Nderitu alimsukuma malkia wake taratibu mpaka mshazari mbele ya kete ya askari ya Miraji.

"Karibu chakula," akasema.

"Sitaki!"

"Utamla tu, ndugu yangu," akasema Wasike, mchochea moto wa garimoshi, ambaye siku hiyo alikuwa mwamuzi. "Sheria ni sheria."

Miraji akampiga yule malkia kofi, kete ikaanguka chini. Kisha akasimama, akapaza sauti kama muadhini: "Haya! Nimemla Malkia! Mmesikia nyote? Nimemla Malkia mzima mzima!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Na nje, loo, koplo wa polisi alikuwa akipita na askari wawili. Mwaka ule neno kula lilikuwa na sumu, maana Wakikuyu walikuwa wakila viapo msituni vya kumfukuza Mzungu.

"Nani amekula Malkia?" koplo akauliza mlangoni.

"Mimi," akasema Miraji, bado anacheka.

Koplo akaitazama kofia ya Miraji. Akamtazama Wasike. Kisha akamgeukia Nderitu, Mkikuyu pekee pale, ambaye hakuwa amemtaja Malkia.

"Wewe. Kipande. Toka."

Ebo! Mtu anakubali mbele yako kwamba kasema yeye, nawe unamshika jirani yake! Miraji aliwafuata hadi kituoni akifoka njia nzima. Lakini alipofika mbele ya inspekta Mzungu alijizuia kwa ajili ya Nderitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaeleza jambo bila tusi hata moja. Akaeleza mchezo wote, hatua kwa hatua.

"Hiyo malkia ilikuwa ya nani?" inspekta akauliza.

"Wa Nderitu, bwana. Yeye ndiye aliyenisukumia nimle, na kwenye Nilishe ukipewa ni lazima..."

Akatambua alichosema. Amechelewa.

"Kumbe," inspekta akasema. "Yeye natoa Malkia, ipate kuliwa. Wewe nalazimishwa tu."

"Ni mti, bwana! Mti!"

"Rudi dukani, fundi."

"Basi nikamateni mimi! Aliyesema ni mimi! Mdomo ni wangu!" Askari wakamtoa nje kwa mabega, tena kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma kuliko kama wangempiga.

Ruhusa ya Nderitu ikafutwa. Siku ya lori Miraji alikwenda na blanketi na mkate aliooka Kuluthum. Nderitu alikuwa juu tayari, akamshika mkono kwa nguvu. Wachuka akalipokea blanketi, akamtazama Miraji usoni.

"Mlikuwa mnacheza," akasema. Lori likaondoka.

Nilishe haukuchezwa tena. Jumapili iliyofuata Miraji alimtia malkia wa Nderitu mfukoni, akaenda akasimama mbele ya kituo cha polisi, jua la saa saba likimpiga utosini.

"Nimemla Malkia!" akapiga kelele. "Nimemla mimi, Miraji! Tokeni mnikamate, mashetani nyinyi!"

Koplo alikuwa barazani anakunywa chai. Askari wakacheka.

"Mzee Miraji," koplo akasema, "nenda nyumbani ukapumzike."

Jumapili ya pili alirudi, na ya tatu, mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo alipanda ngazi za kituo, akamtoa malkia wa mwerezi mfukoni, akamnyooshea koplo mbele ya pua.

"Kipande changu hiki hapa!" akasema. "Si ndicho mnachotaka? Kitazame!"

Koplo hakunyoosha mkono. Akamsogezea kiti, akamwambia askari amletee mzee chai.