Daftari Lililofuta Wajane

Chama chetu cha kahawa huku Mbozi kilipohamia kwenye kompyuta, mafundi wawili walichora muundo wa daftari la wakulima. Majina yao nayajua, hata ya babu zao, ila leo nawasitiri. Msimu ulipofika, karani akanikataa na magunia yangu.

"Bibi, mfumo unataka jina la mume."

"Yuko kaburini. Nenda kamwandikishe."

Mafundi wote wakaapa hawajagusa kitu. Binti yangu, mkuu wao, akafungua hifadhi inayotunza kila toleo la muundo, aliyelibadilisha na sababu yake. Mmoja alifuta sehemu ya wajane, sababu aliandika "kurahisisha." Binti akarudisha toleo la nyuma, kahawa yangu ikapokelewa.

Fundi huyo aliyefuta akaninong'oneza, "Bibi, usimwambie mama."

Mama yake, mjane mwenzangu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, ameshasikia.