Sahani ya Kyungu

Pemba, ule udongo mweupe wa kupaka, ikilowa maji hunuka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Harufu hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote kutoka kiangazi kile cha mtaani kwetu Ruashi, nilipokuwa na miaka minane na pacha wangu Kyungu akafa kwa homa. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka mtaa wa Kamalondo na bonge la pemba ndani ya kitambaa, akanipaka udongo ule mweupe kwenye paji la uso na mashavuni, ili aliyekwenda asirudi kumchukua mwenzake. Nilipoanza kulia akanipiga kofi. “Bantu habalilie mapasa,” alisema, yaani pacha hawaliliwi. “Akisikia unamulilia, atakasirika.” Sikumpenda kwa kofi lile, na ingawa amekufa sitamsingizia upole.

Mama hakubishana naye. Kila siku aliendelea kupakua bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo katika sahani mbili za bati, yangu na ya Kyungu, nami nikala zote mbili, yangu kwanza. Kwenye bomba la maji wanawake waliendelea kumwita Mama Mapasa na kumtania kwa maneno machafu, kama desturi inavyoruhusu kwa aliyezaa pacha. Walimuuliza kama mume wake alipumzika hata kidogo usiku wa mimba ile. Mama aliwajibu machafu zaidi, na hapo tu ndipo nilipomwona akicheka.

Mimi ndiye niliyeharibu. Tulisali katika kanisa la mabati, mama akiwa mwimbaji wa kwaya. Katika darasa la watoto mwalimu alituuliza tunamshukuru Mungu kwa nini, nami nikasema kwa majivuno kwamba nakula sahani mbili, moja ni ya Kyungu. Jumapili iliyofuata pasta alituita mbele, mama na mimi. Alilowesha leso yake, akaisugua pemba niliyokuwa bado nikipakwa usoni mpaka ngozi ikawaka. Akawaambia watu kwamba pacha ni agano la mizimu, kwamba tangu siku hiyo mimi ni Grâce na mama ni Mama Grâce, na atakayesema Mama Mapasa anamfungulia Shetani mlango.

“Sema jina yako,” akaniambia.

Nikasema Kabange, jina nililopewa kama pacha wa Kyungu. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, akaukandamiza.

Mama alipiga magoti. “Pasta, nilizala batoto babili.”

“Ulizala mumoja,” alisema. “Ile ingine haikukuwa mutoto.”

Watu wakajibu amina. Nilizitambua sauti za majirani zetu, wale wale waliomzika Kyungu pamoja nasi. Pasta aliniuliza tena jina, nami nikasema Grâce. Hakuna aliyenipiga. Nilisema tu. Tulipofika nyumbani mama aliitoa sahani ya pili nje, ikawa ya kuwekea kuku maji. Kwenye bomba wanawake walianza kumsalimu kwa adabu, na adabu ile ilimtesa kuliko kilio chochote.

Mama alifariki masika yaliyopita. Kanisa sasa ni la matofali, lina vipaza sauti, na pasta, mzee kabisa, aliwekewa kiti cha heshima makaburini. Shemasi alisoma maisha ya marehemu: Mama Grâce, mama wa mtoto mmoja. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na shule yangu iliishia njiani. Nilisimama nikasema, “Mama alizala babili.” Pasta hakupandisha sauti. “Grâce, ikala,” alisema. Sikukaa. Kwaya ikafunga vitabu vyake ikaondoka, tukamshusha mama bila wimbo, chini ya msalaba nilioagiza uandikwe Mama Mapasa. Wanasema nimelitia kanisa aibu. Ndivyo nilivyotaka.

Kwenye kadi yangu ya mpiga kura bado mimi ni Grâce, na nikiitwa hivyo kwenye dirisha la ofisi ninaitika, kwa sababu nahitaji karatasi. Lakini siku ile, baada ya udongo kufunika jeneza, nilimlilia Kyungu kwa sauti kwa mara ya kwanza. Kama bibi alikasirika huko aliko, na akasirike. Pasta alikuwa bado kwenye kiti chake, anasikia.