Laptop ilikuwa inascroll yenyewe nikiandika wasifu wa babu, nikasingizia virus

Wakuu, poleni na majukumu. Hii imenikuta mwenyewe, na chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Dirma huko Hanang, kwetu ni Tlawi. Babu alifariki, nikapanda nyumbani na laptop. Ukoo ukanipa kazi moja: kuandika wasifu wa marehemu. Mazishi ni mchana huohuo, na bodaboda wa kuupeleka mjini kuprint yuko nje anapiga honi.

Asubuhi ya Tlawi baridi haina utani. Bibi alikuwa amekaa mkekani, hajalia wala kula tangu msiba uingie. Shikamoo yangu aliitikia kwa kichwa tu. Nikamvika jaketi langu, nikakaa pembeni yake, laptop mapajani.

Nikaanza kuandika.

Nikiinua mkono tu kufikiri, ukurasa unashuka. Wenyewe! Naurudisha, unapanda. Nikataka kufuta sentensi moja, ukurasa ukahama, nikafuta watoto watatu wa babu. Undo ndiyo iliyowarudisha.

Nikachanganyikiwa. Down arrow nikaipuliza, haijanasa. Scroll Lock iko off. Touchpad nikaizima kidogo, bado. Nikarestart, na betri ndiyo hiyo inaisha.

Baba mdogo akachungulia. "Mwalimu, bado tu?"

"Ina virus, baba mdogo."

"Au mzee hataki kuandikwa?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani kuirusha ile laptop kwenye mahindi.

Mara bibi akaitwa nje, wageni wamefika kutoka Gehandu. Wakuu, ukurasa ukatulia tuli! Nikamaliza aya mbili. Bibi akarudi, akakaa, ukaanza tena.

Sasa nikaacha kuandika, nikautazama tu. Haukuteleza mfululizo kama key ikinasa. Ulienda mistari michache, unasimama, unaenda tena. Hiyo ni scroll ya mouse, na mouse sijaigusa toka nifike!

Nikaangalia ubavuni mwa laptop. Kile kidude cha mouse ya wireless bado kimechomekwa. Na mouse yenyewe niliiacha mfukoni mwa jaketi.

Nikageuka. Mkono wa bibi uko mfukoni, vidole vinacheza.

"Bibi, samahani, umeshika nini humo?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hii kitu inazunguka. Rozari yangu nimemwekea babu yako mkononi, sina ya kushika."

Hasira zote ziliniisha. Nikainamisha kichwa, nikalia mbele za watu, na bibi naye ndipo akalia.

Nilichomoa kile kidude. Mouse nikamwachia.

Wasifu ulifika kwa wakati, watoto wote wa babu wamo. Bibi alienda kaburini na jaketi langu, mkono mfukoni.

Kwa hiyo wakuu, document ikianza kutembea yenyewe, kabla ya kulaani virus chomoa kila kilichochomekwa, halafu tazama nani kakaa karibu yako. Aliyewahi kuhangaishwa na kitu kama hiki atiririke hapa chini, nasoma zote.

Ila msiniambie ninunue mouse mpya. Natumia touchpad, nimeshazoea.