Betri zetu kumi zilivyofia chumbani zikimsubiri mgeni rasmi

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai, yamenikuta mwenyewe. Leo nimepita mahali nikaona wanafunga utepe mlangoni, hasira za zamani zikanirudi. Bora nizimalizie huku kuliko kumgombeza mke wangu ambaye hana kosa.

Turudi enzi za ruksa, makontena yalipoanza kumiminika Kariakoo.

Mimi na kaka yangu Salumu tulikuwa mafundi betri pale Gerezani. Betri ya gari ikifa tunaipasua, tunayeyusha risasi, tunaimimina kwenye kalibu, tunapata plate mpya. Kalibu zenyewe alituachia marehemu baba. Zilitulisha nyumbani Magomeni tangu tukiwa wadogo.

Betri za Dubai zilipoingia, wateja wakakata mguu. Kaka akataka tuuze kalibu, tuhamie kwenye biashara ya betri za nje.

Nikamkatalia. Ubishi wangu huo.

Nilikuwa nimekutana na Dokta, mhadhiri wa chuo kimoja hapa mjini. Aliniambia chuo kina maabara na wafadhili wameleta chaja kubwa, mafundi tuna mikono, kinachokosekana ni mfanyabiashara. Tukiungana, tunaanzisha kituo cha teknolojia ya betri cha Afrika Mashariki nzima. Wakenya na Waganda waje kujifunza kwetu!

Nikamfuata Bwana Kanti, mwenye duka la spea Kariakoo. Familia yake ipo mtaa ule tangu enzi za babu yake. Hana maneno mengi.

"Fundi, makaratasi sitaki," akasema. "Nitengenezee betri kumi. Zikiwasha pikapu yangu, kontena siagizi tena. Nachukua kwenu."

Wakuu, mnaelewa hapo? Kontena zima liachwe kwa ajili ya kalibu za baba yangu!

Nikamwomba kaka anipe nafasi hii moja tu. Akakubali.

Sasa sikilizeni upuuzi.

Kitu cha kwanza kukamilika kilikuwa kibao chenye jina la kituo. Cha pili, kamati ya maandalizi ya uzinduzi, watu tisa, na ukimtoa Dokta hakuna aliyewahi hata kufungua boneti. Wakaamua chaja isiguswe mpaka mgeni rasmi, mkubwa mmoja mwenye ofisi Posta, aje abonyeze swichi kwa mkono wake.

Haya. Siku moja kabla ya uzinduzi tukazitia asidi betri zote kumi, tukazipanga kando ya chaja, kwenye chumba chake pale chuoni. Mlango ukafungwa, utepe mwekundu ukapita juu yake.

Kesho yake mgeni rasmi akapata safari.

Kwa msiojua, betri mpya ukishaitia asidi unatakiwa uichaji mapema. Ukiiacha ni kama samaki wa soko la Feri asiye na barafu. Plate zinashika ukungu mweupe, ukishakuwa mgumu ndiyo basi tena.

Wiki ya kwanza nikaenda kuulizia, nikaambiwa imeahirishwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikamwendea katibu wa kamati, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Naomba nifunguliwe nichaji tu, kisha nifunge."

"Marahaba. Utepe umeshafungwa, mwanangu. Tukiutoa tutakuwa tumezindua."

"Si tutafunga mwingine?"

"Na mgeni rasmi akikuta chaja imeshawashwa, yeye atazindua nini?"

Nilichoka, wakuu.

Dokta je? Huyo kemia anaijua kuliko mimi, hata jina la kitaalamu la ule ukungu ndiye aliyenifundisha. Akanijibu, "Ni kweli zinaharibika, lakini mimi si mwenyekiti."

Na mimi nisijitoe. Mlango wenyewe ulikuwa wa plaiwudi na begi langu la kazi lilikuwa na mkasi. Kila wiki niliutazama ule utepe, nikageuza kwenda nyumbani kama mtoto mwenye adabu.

Wiki ya saba mgeni akaja. Hotuba, ngoma, picha. Utepe ukakatwa, swichi ikabonyezwa, makofi. Chaja ikanguruma mchana kutwa watu wakila pilau.

Jioni nikabeba betri ya kwanza hadi kwenye pikapu. Bwana Kanti akazungusha ufunguo.

Tik.

Ya pili, tik. Ya tatu. Nilipoinua ya nne akanishika bega. "Basi, fundi. Usijiumize."

Kontena akaagiza. Simlaumu.

Kaka Salumu alikuwepo, ameona yote. Wiki ileile akazipakia kalibu kwenye mkokoteni, akaziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hakuniambia neno baya hata moja. Angenitukana labda ningepoa mapema.

Nilichojifunza ni kwamba chuo, fundi na mfanyabiashara wanaweza kabisa kujenga kitu pamoja. Sisi tulifika hatua moja kabla ya kuwasha gari. Tunaponzwa na kupenda kuzindua kuliko kufanya kazi, na sisi tunaojua ukweli tunapiga magoti mbele ya utepe. Ukiwa na mkasi, kata. Utagombezwa, lakini betri zitapona.

Leteni na yenu yaliyowakuta. Atakayeniambia ningevumilia, apite tu.

Na kuuliza si ujinga. Kama kuna mtu aliwahi kuona kalibu za plate za betri, za chuma, zimechongwa herufi M ubavuni, aniambie hapahapa. Najua huenda zilishayeyushwa. Kaka amezeeka sasa, juzi ameziulizia kwa mara ya kwanza.