Nilizika chupi mbili ili mama aache shamba lenye sumu ya shaba

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya yalinipata mwenyewe, na mama bado yupo. Atakayebisha nitampa simu aongee naye.

Ilikuwa ile miaka Zaire inasambaratika. Askari wanapora maduka, mimi nasoma kilimo chuo kikuu, profesa hajalipwa tangu sijui lini, maabara haina hata spiriti.

Mama alikuwa na shamba la lengalenga, mchicha wetu huo, karibu na bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba. Tulikula mboga zake kila siku.

Darasani nimeshajua: shaba, zinki na risasi zikijaa kwenye udongo, vimeng'enya vinavyoozesha vitu vinazimika. Nikamwomba aache kulima pale.

"Mutoto, nalima hapa mbele ya weye kuzaliwa. Ulikufa?"

Profesa akanipa kipimo cha bure. Zika chupi ya pamba miezi miwili. Udongo mzima utaitafuna, wenye sumu utaiacha.

Nikazika moja nyumbani Katuba, nyingine shambani. (Chupi nilikuwa nazo tatu tu. Hebu fikirieni hiyo miezi miwili.)

Siku ya kufukua nikamwita mama ashuhudie. Ya Katuba ilibaki lastiki. Ya shambani, wakuu, ilitoka nzima, ukiifua unavaa. Nikajua leo nimemshinda.

Mama akaishika, akaivuta huku na huku.

"Kumbe huu udongo inachunga bintu hivi."

Kesho yake akang'oa lengalenga zote, akachimba shimo, akazika vitenge vyake vyote, bikwembe kwa lugha ya kwetu, askari wasije kuvibeba. Jumapili baada ya misa wakaja mama wenzake watatu, kila mmoja na furushi lake.

Nikaanza upya habari ya sumu. Akanikata.

"Mboga tutalima ku Katuba. Huku iko nafasi ya bikwembe."

Niliumia, wakuu. Miaka yote ya masomo, nimegeuka mlinzi wa kabati. Nikanuna wiki kadhaa.

Mpaka siku moja akaniwekea sahani mezani, lengalenga ya Katuba, laini kabisa. Ndipo akili ikanijia: tangu siku ile hatujala hata jani moja la kule kiwandani.

Nilichojifunza: mzazi akifanya jambo sahihi kwa sababu zake mwenyewe, acha kubishana, kula mboga.

Nyie wa kwenu mliwawezaje? Semeni hapo chini, nasoma zote.